Mbegu Mbichi za Chienshi

Jovitha alikuwa akikoroga uji. Mume wake, Aloyce, alikaa dirishani akichungulia mtaani. Binti yao, Nelly, alisubiri kikombe chake mezani.

Familia hii ilitoka Mwanza. Waliishi Sanyuanli, jijini Guangzhou, nchini China. Walinunua nguo katika soko la Shisanhang na kuzisafirisha nyumbani kwa kontena. Lakini mwaka huo wa 2009 mambo yalikuwa magumu. Polisi walikagua pasipoti kila kona. Pasipoti ya Aloyce ilikuwa ofisi ya viza, ikisubiri kuongezewa muda. Alikuwa na risiti tu, na aliogopa kutoka.

Uji ule ulikuwa wa chienshi. Chienshi ni mbegu za yungiyungi lenye miiba, linalolimwa mabwawani. Wachina huzimenya, huzikausha na kuzipika. Jovitha alizisaga akachanganya na karanga. Nelly, ambaye alikuwa mgumu wa kula, aliupenda sana.

Mara aliingia jirani yao, Medard. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo, akisomea mazao ya majini.

"Karibu uji, mdogo wangu," Jovitha alisema.

"Ahsante, dada. Chienshi inatia nguvu, ina protini kiasi. Karanga nazo zimeongeza. Ila mtoto asiache mboga na mayai."

Aloyce alitabasamu. "Hata Mwanza wataila. Mbegu nimeshazipakia. Nitazipanda ziwani."

Medard aliweka kikombe chini. "Mbegu kavu au mbichi, kaka?"

"Mbichi. Nilizipata kwa mkulima wa Nansha. Nimezitia kwenye chupa ya maji, nikaificha ndani ya belo la jinzi."

Jovitha aligeuka, mwiko mkononi. "Baba Nelly! Belo letu? Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ufurahi tukifika."

"Kaka, sikiliza," Medard alisema. "Mbegu kavu iliyomenywa ni chakula tu. Haioti. Iliyo majini ni hai. Ikiingia ziwani inaweza kuenea. Jani lake moja ni pana kuliko meza hii. Mmesahau magugu maji?"

Hakuna mtu wa Mwanza aliyesahau. Jovitha aliukumbuka mwalo wa kwao ulivyozibwa, mitumbwi ikakwama, samaki wakaadimika.

"Tena," Medard aliendelea, "kuingiza mmea hai bila kibali ni kosa. Forodha wakiuona, wanaweza kushikilia kontena zima. Na chupa ikivuja, nguo zitaota ukungu baharini."

Kontena lile lilibeba pia mizigo ya wenzao. Na lilikuwa linafungwa mchana huohuo.

Aloyce alisimama. "Nakwenda kuitoa."

"Bila pasipoti? Baki na mtoto. Medard, twende!"

Walitembea haraka. Kwenye kona, polisi waliwasimamisha. Mtu aliyekuwa mbele yao hakuwa na karatasi. Alipandishwa garini. Polisi alichukua pasipoti ya Jovitha akaifunua ukurasa baada ya ukurasa. Jovitha alitoa pia karatasi ya kuandikishwa makazi. Medard alijibu maswali kwa Kichina, taratibu, kwa heshima. Hatimaye polisi aliwapungia mkono wapite.

Walifika ofisi ya mizigo wakihema. Sostenes, wakala wao, alikuwa ameshika lakiri ya kufungia kontena.

"Subiri, kaka Sostenes! Belo langu lina kitu kibaya!"

Laoban, yaani bosi mwenye lori, alipiga kelele. "Meiyou shijian!" Hakuna muda. Alikuwa anawahi bandari ya Nansha.

Jovitha hakubishana. Alipanda mwenyewe ndani ya kontena. Alipapasa mabelo hadi mkono wake ukagusa unyevu. Chupa ilikuwa imeanza kuvuja. Medard alikata kamba, wakaitoa pamoja na suruali zilizolowa. Ndipo Sostenes akafunga mlango na kupiga lakiri.

Njiani kurudi, Jovitha alitaka kuitupa chupa mtaroni.

"Usitupe, dada," Medard alimzuia. "Maji ya mtaro huenda mtoni. Tukazichemshe mbegu."

Nyumbani walizichemsha zote. Aloyce alizimenya. "Nilikosea," alisema mwishowe. "Medard, sasa nifundishe kuilima kwa njia halali."

Pasipoti iliporudi, Medard alimpeleka kwa mkulima yule wa Nansha. Aloyce alijifunza kwamba chienshi hutaka maji yaliyotulia, yasiyo na kina kirefu. Alivaa buti ndefu na glavu nene, maana jani na tunda vyote vina miiba mikali. Jovitha naye aliwapikia akina mama wa kanisani uji wa chienshi kavu. Wengi walijifunza kuupika.

Waliporudi Mwanza, waliomba kibali cha kuingiza mbegu. Walisubiri sana. Felisia, ofisa wa afya ya mimea, aliwaruhusu kufanya jaribio katika bwawa la kuchimba, mbali na ziwa, lenye uzio na lisilotoa maji nje. Kila mara alikuja kukagua.

Mavuno ya kwanza yalijaza ndoo chache tu. Siku hiyo jirani mmoja, Joyness, alionja uji akaomba mbegu mbichi.

"Mbegu sitoi," Jovitha alimjibu. "Unga chukua. Ukitaka kulima, mwone Felisia kwanza."

Joyness alinuna, akaondoka. Baadaye alionekana shambani kwake na Felisia, wakipima kwa kamba mahali pa kuchimba bwawa lake.