Singe Zilizogoma Kuingia

Bwana Tarleton alikutwa asubuhi amelala chali ghalani, juu ya rundo la mablanketi ya askari, singe, kile kisu cha kuchomekwa mtutuni, imemkaa kifuani. Pembeni yake kasha la bunduki lilikuwa wazi, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania mtutu wa bunduki mpya ya Kiingereza.

Inspekta Ambrose Deveaux wa polisi wa Nassau, bandari ya kisiwani chini ya Waingereza, alichuchumaa, akatazama, akaguna. Marehemu alikuwa wakala wa Kusini, upande wa wenye watumwa. Bunduki, mikanda, viatu na mikoba ya askari vilitoka Uingereza vikapita mikononi mwake, kisha meli za mbio zikavipenyeza katikati ya manowari za Kaskazini hadi bandari ya Wilmington, kwenye vile vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Mtaa wa Bay, mtaa wa wafanyabiashara wa Nassau, ulineemeka kwa vita hivyo, na Deveaux hakuwahi kuupenda unono ule.

"Wizi, Afande," alisema Konstebo Rolle. "Kasha limevunjwa."

"Na saa ya dhahabu iko mfukoni. Mwizi gani huyo, ameokoka jana?"

Mlangoni, Kapteni Hargrave, Mwingereza mwenye meli iliyokuwa ikipakia, alikuwa hatulii. "Inspekta, maji yakijaa jioni naondoka. Makasha yangu je?"

"Makasha hayajafa, Kapteni. Subiri."

Daktari alipokwisha kulikagua jeraha, Deveaux alichomoa singe ile, akaifuta, akaijaribu kwenye bunduki aliyoishika marehemu. Haikuingia. Akajaribu bunduki nyingine kashani. Haikuingia. Akazichukua singe zilizobaki humo, moja baada ya nyingine. Baadhi ziligoma kabisa, baadhi zilichezacheza kama jino bovu.

Alikuwa sajini katika jeshi la Malkia kabla ya kuwa polisi, na bunduki hizi alizijua.

"Ajabu hii," alisema. "Kila bunduki huchongewa singe yake kwa tupa, kwa mkono, hukohuko kiwandani. Ukiipa bunduki ya jirani, inakataa. Rolle, fungua lile kasha lingine."

La pili lilikuwa vilevile. Lakini kule nyuma palikuwa na kasha ambalo bado lilikuwa limefungwa kwa mikanda ya chuma lililotoka nayo Uingereza. Walipolifungua, kila singe iliingia mahali pake bila ubishi.

"Basi zinachanganywa hapahapa," alisema Deveaux. "Marehemu aligundua jana, akawa anazijaribu. Nani hupanga upya makasha?"

"Isham," alijibu kapteni. "Mtumwa aliyetoroka Carolina ndani ya marobota yangu ya pamba. Tarleton alimsifu sana. Anafanya kazi kwa nusu ujira na hataki msaidizi."

"Nusu ujira? Mtu mwenye akili zake?"

Walimkuta uani, ameketi juu ya kasha tupu. Mbele yake palikuwa na sahani ya mbaazi ambayo hakuigusa.

"Kwa nini hukukimbia?" Deveaux aliuliza.

"Nikimbilie wapi, bwana? Kukimbia nilishakimbia."

"Singe umezichanganya wewe?"

"Mimi."

"Ili iweje?"

"Nilisema moyoni, bunduki za Kusini zikiwa mbovu, vita vitaisha upesi. Vikiisha, njia itafunguka, na Kezia atakuja." Akaisogeza sahani pembeni. "Mke wangu."

"Na Tarleton anaingiaje hapo?"

"Ni mpwa wa bwana aliyetumiliki kule Carolina. Aliponiona hapa alinitambua, akacheka. Kwa sheria ya Waingereza huku hakuna mtumwa, hawezi kunigusa. Akasema, fanya kazi kwa nusu ujira, na kila meli ikirudi nitakupa habari za mkeo."

"Akawa anakupa?"

"Neno mojamoja. Mara Kezia amepanda bamia. Mara amejikata kidole, kimepona. Mara ameimba kanisani, watu wakalia. Nalipokea, nalala nalo mpaka meli nyingine."

Deveaux aligeuka, akatazama bahari. Mama yake aliteremshwa Nassau kutoka meli ya watumwa iliyokamatwa na Waingereza, na hadi anakufa aliwauliza mabaharia habari za kwao, Kongo. Hakuna aliyewahi kumletea hata neno moja. Kwa kitambo kidogo alimwonea Isham wivu, kisha akaona aibu.

"Jana ikawaje?"

"Aliniita. 'Hebu ingiza hii,' akanipa singe. Haikuingia. Nikajua atanipiga. Hakunipiga, alicheka. Akasema, 'Unamharibia nani, mjinga wewe? Kezia tulimuuza Texas mwezi uleule ulipotoroka. Fedha yake ikanunua pamba, pamba ikanunua bunduki. Hilo kasha unalolichezea ndilo mkeo.'"

Rolle aliacha kuandika.

"Nikamuuliza, 'Na bamia?' Akasema, 'Bamia nimetunga. Hata sura ya mwanamke mwenyewe siikumbuki.'" Isham aliitazama mikono yake. "Bwana Inspekta, andika vizuri. Sikumchoma kwa sababu alimuuza. Sisi kuuzwa tulizaliwa nako. Nilimchoma kwa sababu ya zile bamia."

Kapteni Hargrave aliwavizia wakitoka. "Makasha yangu, Inspekta! Mimi nalipwa kwa kasha, si kwa singe kuingia. Kuna kilichopotea?"

"Hakuna hata singe moja iliyopotea, Kapteni. Pakia uende zako."

Njiani kuelekea gerezani Isham alisimama. "Wewe huonana na mabaharia. Waulizie. Kezia, mrefu, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Labda kuna mtu amefika Texas."

"Nitauliza."

"Ukipata, niambie hata kama ni baya. Usipopata, njoo unyamaze tu. Usinitungie."

Deveaux aliuliza kila meli iliyotia nanga. Na kila Jumapili, mpaka siku ya kunyongwa, alikwenda gerezani, akaketi karibu na Isham, akanyamaza.