Fenda ya Nyuma

Jioni hiyo Anande alitumwa msasa. Mumewe, Ebenezer, alikuwa uani kwao Sekei tangu asubuhi, akipanua fenda za gari lake, yale mabati yanayofunika magurudumu, ili zimeze tairi pana alizoahidiwa na rafiki yake wa Kisongo.

Dukani, Kandida mwenye duka alimkatia karatasi mbili huku akicheka.

"Mama Hope, huyo mumeo ananenepesha gari kuliko mtoto!"

Anande alitabasamu tu. Hakuwa msemaji. Lakini neno lile lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Hope alikuwa na miezi minane, na tangu Jumatatu, siku Ebenezer alipoanza kazi ile, mtoto alikuwa akiisha mgongoni mwake kama kipande cha sabuni.

Aliporudi, wingu la Mlima Meru lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Ebenezer alikuwa amechukua mchi wa kinu cha mkewe na kuuchomeka kati ya tairi na ukingo wa fenda ya mbele.

"Sukuma gari polepole, Mama Hope. Mchi ukizunguka, bati linatoka nje lenyewe."

Anande akasukuma. Mchi ukazunguka. Bati likalia... kriii...

Mgongoni, Hope akapiga yowe.

Anande akaacha. Mtoto akanyamaza.

"Sukuma," Ebenezer alinong'ona.

Akasukuma. Yowe tena.

"Baba Hope, mtoto..."

"Ni meno hayo."

Fenda ilipokwisha kupanuka, Ebenezer alipanda bodaboda kufuata tairi. Anande akamfungua mtoto. Ubavuni palikuwa na alama ya bluu, imepinda kama ukingo wa fenda.

Akamfunga tena mgongoni, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Palinuka... si rangi, si oili. Palinuka udongo mbichi wa shina la mgomba.

Akapitisha mkono chini ya bati. Vidole vikagusa donge la gundi ya kuzibia mabati. Akalichokonoa kwa bisibisi mpaka likadondoka.

Ndani yake mlikuwa na kipande cha kanga ya njano, kimefungwa fundo.

Fundo hilo alilifunga yeye mwenyewe.

Kilikuwa kitovu cha Hope. Walikizika chini ya mgomba kule mlimani, yeye na mama yake, Elinipa. Wawili tu. Ebenezer hakuonyeshwa mahali.

Mgongoni, Hope akashusha pumzi ndefu na kulala, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Anande akapiga simu kwa mtu aliyemwamini kuliko wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona?"

"Kitovu cha Hope... nimekikuta kwenye gari."



"Umekitoa?"

"Nimekitoa."

Mama yake akaanza kulia taratibu.

"Mumeo aliniapia ni kinga, gari lisije likapinduka nanyi ndani. Alisema mtoto hatahisi kitu..."

"Mama. Ni wewe uliyempa?"

"Ondoka hapo na mtoto, Anande. Ondoka sasa hivi. Sikumpa hicho peke yake."

"Ulimpa na nini?"

"Na chako."

Anande aligeuza shingo. Chini ya fenda ya nyuma kulikuwa na donge jingine la gundi, kubwa zaidi. Lilikuwa limekauka. Bisibisi ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena.

Geti likalia. Ebenezer aliingia akiviringisha tairi, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Akaliona donge lililovunjika chini. Akamtazama mkewe, kisha akaiona simu mkononi mwake.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha.

Anande alikifumbata kile kitovu na kumpita akielekea getini.

"Unaenda wapi, Mama Hope? Sijamaliza."

Alitoka nje akashika njia, mtoto akiwa amelala kwa amani mgongoni. Akasikiliza kama kuna hatua nyuma yake.

Hapakuwa na hatua.

Ebenezer hakumfuata. Alikuwa ameokota mchi, akauchomeka kwenye gurudumu la nyuma, akaegemeza bega kwenye gari na kusukuma polepole.

Kriii...

Na huko njiani, kwenye giza lililoanza kuingia, ubavu wa Anande ukaitika.