Niliagwa kwa Dua, Nikafichwa Kajaga

Nina miaka ishirini na mbili, ni binti wa fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na tangu yanipate haya siwezi kutulia mahali pamoja. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Mama anasema nitaimaliza sakafu kwa miguu. Labda nikiyatoa hapa kwenu, wasomaji wenzangu, nitapumzika kidogo...

Kwetu hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu. Baba aliacha shule mapema akaingia gereji, mama anakaanga sambusa na kuziuza mbele ya nyumba. Mimi ndiye wa kwanza kufaulu mtihani wa taifa, na nilijua ninachotaka: sayansi ya mazingira. Msinicheke! Nimekua nikitazama oili chafu ya gereji ya baba, iliyo ubavuni mwa nyumba, ikimwagwa mtaroni, na mvua ikinyesha inateremka zake kuelekea ziwani, ziwa hilohilo ambalo samaki wake tunawala. Nilimuuliza baba siku moja, hii oili inaenda wapi? Akanijibu inaenda tu. Mimi nikataka kujua inaenda wapi.

Shida ilikuwa kuchagua chuo. Mtoto wa wasomi anauliza mezani kwao. Mimi nimuulize nani? Nilimuuliza Ornella.

Ornella tulikaa naye benchi moja miaka yote ya sekondari. Kwao ni mtaa wa Musaga, baba yake ni mfanyakazi wa serikali, na kaka zake wamesoma. Yeye ndiye aliyenieleza kila kitu: chuo kinaombwaje, watu wanajiandikisha wapi, ukipangwa pasipo pako unafanya nini. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Naye alitaka mazingira, kama mimi.

Majina yalipotoka, chuo kikuu cha serikali hapa Bujumbura kilinipanga mimi kwenye mazingira. Ornella akapangwa sheria. Alilia siku nzima, nami nikalia naye. Machozi ya kweli, jamani!

Siku chache baadaye alikuja amechangamka. Kaka yake Landry, anayeishi nchi jirani, ametupatia sisi wawili nafasi katika chuo cha huko, somo lilelile la mazingira, tena kwa ufadhili! Kuna maabara, kuna safari za utafiti, kuna walimu wa kila taifa.

"We Mwajuma, na diplome ya hapa utafika wapi?" akaniambia. "Twende, mi na we!"

Basi nikawa na vyuo viwili mkononi. Kimoja cha karibu, cha uhakika, jina langu limeshabandikwa ukutani. Kingine cha mbali, nilichokiona kwenye picha za simu tu. Nikachagua cha kwenye simu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilitaka watu waseme mtoto wa fundi kavuka mpaka. Baba aliuliza swali moja tu, kama Ornella naye anaenda. Nikamwambia ndiyo. Akaridhika.

Sasa, kwa wasioijua Buyenzi, kwetu mtoto haondoki kimyakimya. Kabla ya safari ilisomwa dua kubwa nyumbani. Sufuria za pilau zilijaa uani, jirani mwenye duka kule Asiatique, mtaa wa maduka, akaniletea sanduku jipya, wanawake wa mtaa wakanifunga vitenge mpaka nikashindwa kutembea. Sheikh akaniombea, bibi za watu wakanishika kichwa. Baba alivaa kanzu nyeupe, amejisugua vidole mpaka alama ya oili haionekani. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile.

Kesho yake baba akanisindikiza hadi kwenye ofisi ya mabasi ya nje, mjini. Ornella alikuja na mkoba mdogo wa begani tu. Akatuambia Landry amepiga simu kuhusu ufadhili.

"Bourse haijatoka. Anasema tungoje kidogo, labda wiki mbili."

Baba alitazama sanduku, akatazama barabara ya kurudi nyumbani, akakataa kabisa.

"Mi siwezi rudi na iyi sanduku mu Buyenzi," akasema. "Watu wametuombea dua jana! Watasema nini? Uende kwa shangazi yako Kajaga, ukae kule mpaka mambo itengenezeke."

Na mama akaambiwa awajibu watu kwamba nimefika salama. Tulikuwa tayari kufa na tai shingoni, familia nzima!

Shangazi Zaituni ni mjane, anaanika na kuuza ndagala, yaani dagaa, kule Kajaga kando ya ziwa. Ziwa limepanda mpaka limeingia uani kwake, chumba cha nyuma amekiacha kwa maji. Huko ndiko nilikofichwa. Nilitembea kutoka majini hadi langoni, kutoka langoni hadi majini, kutwa nzima. Wateja wakija, nakimbilia ndani. Nikitoka, nimejifunika uso mtandio kama mwizi. Nilikuwa natazama maji yanayokula ukuta wa shangazi yangu, na mimi ndiye niliyetaka kuyasomea, halafu sifanyi kitu. Mngekuwa ninyi mngetulia?

Ornella alikuja kila Jumapili. Tunakula mukeke, samaki wa ziwani, ananiambia subiri. Jumapili moja nikamwambia nimechoka, afadhali nikajiandikishe hapahapa kwenye chuo cha serikali, nafasi yangu si bado ipo? Akanishika mkono.

"Inscription haijaanza, chérie. Na ukienda kampasi sasa, watoto wa Buyenzi watakuona, papa yako atapata haya ya bure. Mi niko karibu. Siku ikifika nitakuambia."

Nikamshukuru! Mimi huyu, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia Mungu akulipe. Kampasi ilikuwa safari ya asubuhi moja, ningekwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Sikwenda. Niliogopa kuonekana.

Jumapili zikaanza kurukwa. Kisha simu ikawa haipokelewi...

Asubuhi moja nilikuwa nageuza ndagala juani, gari likasimama langoni. Wakashuka vijana wamevaa buti za mpira, mikononi wana chupa tupu. Mwalimu wao akamwamkia shangazi kwa heshima, akaomba wapite uani waone maji yamefika wapi. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akasema, wa sayansi ya mazingira, chuo kikuu cha serikali.

Mwaka wa kwanza! Kwa hiyo masomo yameanza? Nilibaki nimekamata ndagala mkononi. Wakanipita mmoja mmoja, wananisalimia kwa adabu. Na karibu na mwisho, chupa mkononi, alikuwa Ornella.

Tulitazamana. Kijana mmoja akamuuliza kama tunajuana.

"Apana," akasema Ornella. "Simujue uyu."

Akaendelea kuelekea majini. Shangazi ndiye aliyepaza sauti.

"We mutoto! Si ni weye unakujaka apa kila dimanche kula mukeke yangu? Leo haumujue?"

Mwalimu akaniuliza jina. Nilipomtajia, alikunja uso kama mtu anayekumbuka. Akasema jina hilo waliliita mara nyingi wakati wa kujiandikisha, na mwenzangu mmoja akawaambia nimeshasafiri, nimepata ufadhili nje. Muda ukaisha, nafasi wakampa aliyekuwa ameomba kuhama kutoka kitivo kingine. Hakumtaja. Hakukuwa na haja, sote tulimtazama.

Ornella alilia pale majini, chupa imemponyoka. Akakiri kwamba habari za ufadhili kuvunjika alikuwa nazo kabla hata ya dua.

"Nilikuja kukuambia siku ile," akasema. "Nikakuta munapika. Nikaogopa. Kisha..."

Hakumaliza. Ningemmalizia mimi: kisha akaona kwamba nikikaa kimya Kajaga, yeye anatoka sheria na kuingia mazingira.

Niliacha ndagala juani, nikatoka langoni uso wazi. Nikaenda kampasi mwenyewe, siku hiyohiyo, nanuka samaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka lango la chuo. Mama wa dirisha la kujiandikisha alinionea huruma kweli, lakini alichoniambia ni kwamba nafasi zimefungwa, nijaribu mwaka ujao, na hawezi kuniahidi kitu.

Nikarudi Buyenzi kwa miguu, jua likiwaka, kila mtu barazani kwake. Nilijua leo nitachekwa mpaka nife. Mama aliponiona alidondosha mwiko. Baba akachomoka chini ya gari. Bi Hawa, jirani yetu, alikuwa ananunua sambusa. Akanigeukia taratibu.

"Umerudi toka Kajaga, mwanangu? Karibu. Shangazi yako hajambo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, alijuaje?

"Yoo! Si sisi tunanunuaka ndagala kwa shangazi yako? Tulikuona toka wiki ya kwanza, unakimbia ndani. Mtaa wote unajua. Tulinyamaza tu, tusimutie baba yako haya."

Mtaa wote! Mama alikuwa akiwapa salamu zangu za nje, nao wanaitikia alhamdulillahi, huku wanajua niko Kajaga nageuza ndagala! Sisi tulinyamaza kwa kuwaogopa, wao wakanyamaza kwa kutuheshimu, na katikati ya ukimya huo nafasi yangu ikapita. Baba alikaa juu ya tairi bovu akalia mbele ya wateja wake. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Nimeomba tena mwaka huu. Jibu sina, ndiyo maana situlii. Ornella ameniandikia kunitaka radhi mara nyingi. Sijamjibu, na sijui kama nitaweza.

Lakini wewe unayesoma haya, ambaye kwenu ni wa kwanza kuota chuo, nakusihi kwa machozi! Usimwachie mtu akusikilizie habari za maisha yako, hata kama amesoma, hata kama mmekaa benchi moja. Nenda mwenyewe, simama dirishani, uliza. Uliza hata swali la kijinga. Safari ikivunjika, rudi nyumbani na sanduku lako mchana watu wakikuona, kisha kesho yake uwahi kampasi. Mimi nilikaa nikiilinda siri ambayo haikuwepo, na nafasi iliyokuwepo sikuilinda.