Jenereta Nane za Jimbo

Ijumaa, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma cha gereji ya matairi. Joto. Feni moja, inasukuma vumbi tu. Tacho Benavides alifunga mlango kwa komeo, akachukua chaki na kuchora yadi juu ya meza ya chuma.

"Geti hili. Kibanda cha mlinzi hapa. Kontena la bluu, mwisho kabisa, upande wa mtoni. Ndani mna jenereta nane. Mpya. Hazijawahi hata kuwashwa."

"Za nani?" aliuliza Nelda. Alikuwa binti wa dada yake Tacho, dereva wa malori, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Za jimbo la Texas. Jimbo lilimwaga hela kulinda mpaka. Waya wa nyembe, taa, jenereta. Sasa serikali kuu imekubali kulirudishia. Jumatatu watu wa Washington wanakuja hapa Salitrillo kuona kwa macho yao vitu wanavyovilipia. Wakishavibandika namba, havigusiki tena. Kwa hiyo tunapiga Jumapili."

"Usiku?"

"Usiku wana doria na kamera. Jumapili asubuhi wana njaa. Mlinzi anapanga foleni ya barbakoa, nyama ya kichwa cha ng'ombe, kama kila mtu mjini."

"Na mchongo huu kakupa nani, mjomba?"

"Wendell Krause. Msimamizi wa yadi. Kampuni yake ndiyo iliyoliuzia jimbo hizo mashine. Kamera atazizima yeye."

Nelda alikunja uso. "Mzungu wa yadi anatupenda tangu lini?"

"Tangu alipopenda hela. Nyamaza nimalize."

Mtu wa tatu alikaa kwenye rundo la matairi, kofia magotini. Don Goyo Salinas. Alikuwa ametoka jela mwaka uliopita na bado yuko kifungo cha nje. Kosa moja tu, anarudi kufia ndani. Hakuna aliyehitaji kumuuliza kwa nini amekuja. Injini ya pikapu yake imekufa, na mkewe, Elodia, husafishwa damu mara tatu kwa wiki katika kliniki ya mji wa pili. Watoto hawana. Anayempeleka ni Goyo. Siku hizi anasimama barabarani alfajiri, amemshika mkewe kiunoni, anaomba lifti.

"Nikikamatwa, compadre," alisema polepole, "Elodia atapelekwa na nani?"

"Hukamatwi." Tacho alimwekea mkono begani. "Mimi nikuingize pabaya? Mimi?"

Tacho ndiye aliyesimamia ubatizo wa mtoto pekee wa Goyo, na mtoto huyo alipofariki, Tacho alibeba jeneza. Ndiyo maana waliitana compadre. Goyo aliitikia kwa kichwa, akaamini.

Nelda alimmiminia mzee maji ya baridi. Mzee akanywa nusu. Nusu akamwekea mbwa wa gereji aliyekuwa akihema chini ya meza.

"Tunatorokea shamba la Treviño," Tacho aliendelea. "Compadre amechunga ng'ombe kule nusu ya maisha yake. Njia ya vumbi, halafu lami. Nelda anaendesha. Maswali?"

Nelda alifuta chaki mezani kwa kiganja.

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi.

Kengele ya kanisa ililia. Foleni ya barbakoa ilizunguka kona, na mlinzi alikuwa ndani yake na bakuli lake. Nelda aliingiza pikapu ya Tacho na tela lake yadini, kinyumenyume, mkono mmoja kwenye usukani.

Goyo alishuka na mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Kufuli lilikatika kwa pigo moja. Alivuta mlango wa kontena.

Palikuwa patupu.

Hapakuwa na jenereta. Hapakuwa na hata ubao. Sakafu ilikuwa safi, bila tone la mafuta, bila mkwaruzo. Kwenye pembe, nyigu walikuwa wamejenga kiota, kikubwa kama kichwa cha mtu.

"Wamezihamisha," Goyo alinong'ona.

"Hazijawahi kuwemo," Nelda alisema. "Kiota hicho ni cha miezi. Mjomba, kuna mtu kala hela ya jenereta, sasa anataka zionekane zimeibiwa. Wezi wenyewe ndio sisi."

Alimgeukia Tacho. Tacho, mtu anayetukana hata msumari ukimtobolea tairi, hakutukana. Alikuwa anatazama saa.

"Panda gari," alisema.

King'ora kilisikika upande wa mjini.

Saa mbili kasorobo.

Pikapu ilipasua vichaka vya miba. Tela tupu lilirukaruka nyuma kama kopo. Nelda usukanini, Tacho katikati, Goyo dirishani. Bastola ilikuwa pajani kwa Tacho. Hakuna aliyemwona akiitoa.

"Mbona hiyo?" Nelda aliuliza.

"Endesha."

Lango la kwanza la Treviño. Goyo alishuka kabla gari halijasimama, akafungua. Pikapu ikapita. Ng'ombe walikuwa pale pale, wamejibanza kwenye kivuli, na ndama wao. Nyuma yao, nje ya lango, ilikuwa barabara kuu waliyotoka kuivuka, malori yakipita bila kupunguza mwendo.

Katika nchi ile, anayekaa dirishani ndiye hufungua lango, na ndiye hulifunga. Hata mvua ikinyesha. Hata mgonjwa akiwa garini. Ng'ombe wa mtu akigongwa barabarani, na familia iliyokuwa ndani ya gari ikafa, jina lako halisafishiki tena. Goyo hakufikiri. Miguu yake ilirudi yenyewe. Alilisukuma lango, akaanza kuzungusha mnyororo.

"Twende," Tacho alisema.

"Hajapanda."

"Nimesema twende." Bastola ikagusa mbavu za Nelda. Kwa mkono mwingine Tacho aliutupa mkasi wa chuma nje ya dirisha. Ulianguka mavumbini, hatua chache kutoka kwa mzee.

"Mjomba..."

"Nelda!"

Akakanyaga mafuta. Kwenye kioo alimwona Goyo akigeuka, mnyororo bado mkononi. Hakukimbia. Aliinua mkono mmoja, kama anayewakumbusha kwamba wamemsahau. Kisha akageuka tena na kumalizia kuufunga mnyororo, kwa sababu ndama mmoja alikuwa amesogea. Gari la polisi wa kaunti lilisimama upande wa pili wa lango lile lile.

"Ulijua," Nelda alisema.

"Wendell alitaka mwizi. Mmoja tu, mwenye rekodi, wa kuonyesha watu wa Washington. Mimi na wewe hatumo."

"Ulijua atashuka. Ulijua atalifunga."

"Kila mtu anamjua compadre."

"Na Doña Elodia?"

Tacho alitazama mbele. "Kaunti ina gari la wagonjwa."

"Lile linalokuja likitaka?"

"Ukimhurumia sana, nenda ukakae naye selo."

Lango la pili lilitokea mbele, bomba la chuma nene kama paja.

"Ligonge," Tacho alisema.

"Tutaiacha rejeta hapo. Shuka ufungue."

"Shuka wewe."

"Nikishuka naingia vichakani. Na wewe hujawahi kuweza kuendesha gari lenye tela hata kwenye uwanja wa kanisa. Tutakaa hapa tukibishana mpaka waje."

Tacho aligeuka nyuma. Vumbi lilikuwa linapanda kule walikotoka. Alitukana, mara ya kwanza siku ile, akashuka, akakimbilia lango na kulisukuma.

Nelda alipita. Hakusimama.

"Nelda! Binti wewe!"

Risasi moja. Kioo cha nyuma kikamwagika shingoni mwake. Aliinama, akaendelea. Alipoinua macho, Tacho alikuwa anakimbia nyuma yake, mdomo wazi, na lango lilikuwa wazi nyuma ya Tacho. Hakurudi kulifunga. Hilo lilimchoma kuliko vipande vya kioo.

Jumatatu, alfajiri.

Redio ilisema wezi wawili wamekamatwa, jenereta nane hazijapatikana.

Doña Elodia alikuwa barabarani na mkoba wake mdogo na blanketi, amejishika kwenye sanduku la barua. Pikapu yenye plastiki mahali pa kioo cha nyuma ikasimama.

"Panda, Doña Elodia," Nelda alisema.

Bibi alimwangalia shingo, michubuko yote. Alitoa leso, akaitia mate, akamfuta damu iliyokauka nyuma ya sikio. Kisha akapanda. Baada ya maili kadhaa ndipo aliposema, "Wamemshikia wapi?"

"Langoni kwa Treviño."

"Alikuwa analifunga."

"Ndiyo."

Elodia aliufungua mkoba, akaufunga. "Mjinga yule," alisema, akavuta blanketi magotini.

Kliniki ilikuwa baridi. Muuguzi alichomeka sindano, mashine ikaanza kuzunguka. Pale ukumbini Nelda alimkuta Chavela, jirani wa Elodia, aliyeletwa na mwanawe kupima sukari. Alimwekea funguo za pikapu mkononi.

"Utamrudisha leo. Jumatano umlete tena. Na Ijumaa. Klachi ni ngumu, ikanyage mpaka chini."

"Mimi sijaendesha tangu mume wangu afe, binti. Na wewe unakwenda wapi?"

"Hapo ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara ilikuwa ofisi ya polisi wa kaunti. Magari mawili meupe yenye namba za serikali kuu yalikuwa yameegeshwa mbele, na Wendell Krause alikuwa amesimama katikati ya watu wenye tai, akiwaonyesha kitu kwa kidole, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watakufunga," Chavela alisema.

"Kontena lilikuwa tupu. Tulioliona ni watatu. Mmoja ni mwongo, mmoja hawatamwamini."

"Na wewe watakuamini?"

Nelda aligeuka. Kupitia kioo aliuona mkono wa Elodia juu ya blanketi, na mrija mwekundu ukitoka na kurudi. Chavela alimkumbatia haraka, kwa nguvu, akamfunga kifungo cha juu cha shati ili michubuko isionekane.

Nelda alisubiri lori moja lipite, akavuka.