Hodi Mlangoni mwa Pikapu

Kila fundi wa bodi ana kichaa chake. Silvesta wa Voi, kabla hajakata bati, aligonga mara tatu kwa mpini wa bisibisi asikie palipo pazima na palipoliwa na kutu, kisha akapaza sauti: "Hodi!" Wenzake gerejini, huko Sanaiya, mtaa wa viwanda wa Doha, walicheka kila siku, naye alipenda wacheke.

Adhuhuri moja ya Julai 2011, wengine wakiwa wamelala kukimbia jua, aligonga mlango wa pikapu kuukuu ya kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, iliyokaa miaka mingi Al Wakrah ikila upepo wa chumvi. "Hodi!"

"Karibu," bati likajibu.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyeinama jikoni. Silvesta akachungulia ndani ya gari. Hamna mtu, ila harufu ya udi. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na mdomo ukamtangulia: "Asante, mama." Akakata bati, akatia mkono ndani.

Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka dawa ya kutu, akapiga praima. Asubuhi kutu ilikuwa imerudi palepale, nyekundu, kiganja na vidole vitano, kama mtu anayesukuma kutoka ndani. Alikata kipande kizima, akachomelea bati jipya. Kiganja kikarudi.

Kafili, Abu Nasser, akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Gari khalas, kibali mimi natia sahihi. Gari mafi khalas, mafi safar."

Gari lisipokwisha hakuna safari, maana bila sahihi ile kwenye kibali cha kutoka hakuna aliyeondoka nchini. Na Voi, mama yake Silvesta alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, akimwambia kwa simu, "Nakungoja, mwanangu. Lakini nisikudanganye, sina muda."

Siku kumi na tisa alisugua. Alisugua mpaka ncha za vidole zikatoka damu, na kila alipoinua msasa alisikia ndani ya mlango vyombo vikipangwa na mkeka ukikung'utwa, na ile sauti ikimwambia bado mapema, kaa kidogo, mbona una haraka, na udi ukamfuata bafuni, ukamfuata kitandani, ukaingia kwenye wali wake, mpaka akaanza kuamini kwamba hakuna Voi wala mama wala ndege, kuna mlango huu tu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa bati.

Mwishowe akamsimulia yote Mbwana, mpiga rangi wa gereji, mtu wa Mombasa. Mbwana hakucheka. Akamvuta pembeni, akanong'ona.

"Ulipiga hodi?"

"Nilikuwa nafanya mchezo tu, bro."

"Ukakaribishwa, ukaingia. Basi wewe ni mgeni wake. Mgeni huondokaje?"

"Si anaaga."

"Wewe umeaga?"

Adhuhuri ile Silvesta akapiga magoti kando ya pikapu, paji la uso kwenye bati la moto. "Mama, nimekaa sana. Naomba ruhusa. Mama yangu anaumwa, nikichelewa sitamkuta."

Ndani ya mlango akasikia mtu akiinuka, akijifunga leso.

"Haya, mwanangu. Ngoja nikusindikize."

Kesho yake mlango ulikuwa safi. Abu Nasser akatia sahihi. Ndani ya ndege Silvesta alijipa moyo: mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka njiani, hatua chache, akarudi kwake. Hata hivyo hakula chochote, maana chakula kilinukia udi.

Voi alifika jioni, peke yake, na begi moja. Mama alikuwa hai. Alimsikia akikohoa nyuma ya mlango wa bati, na machozi yakamtoka kwa furaha. Akagonga mara tatu, kwa mazoea.

"Hodi!"

"Karibuni," mama akaitikia kwa sauti dhaifu. "Silvesta, ni wewe? Na huyo mama uliyekuja naye asibaki nje. Mwambie aingie."

Chini ya kiganja chake bati lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

"Asante, mama," sauti ya upole ikajibu nyuma yake.