Kigoda cha Chepkosgei

Kila asubuhi, huko Olenguruone, Chepkosgei alikaa kwenye kigoda chake akamkamua ng'ombe wake mweusi. Ng'ombe huyo alikuwa na maringo. Akiguswa na mkono mwingine, alizuia maziwa.

Kisha goti la Chepkosgei likaanza kuuma. Mwanawe, Kimeli, akaficha kigoda na kumwekea kiti cha sofa.

"Mama, umetufanyia kazi ya kutosha. Wewe keti tu."

Hata maji ya kunywa aliletewa. Majirani walimsifu Kimeli kwa heshima yake. Kumbe heshima ile ilikuwa inammaliza mama! Mapaja yalikonda, goti likazidi kuvimba, na kuinuka akawa hawezi bila kushikwa mkono.

"Huyu ng'ombe tumuuze," Kimeli akasema. "Mimi ananipa kikombe kimoja tu. Nani atamkamua?"

Chepkosgei aligeuka kumtazama ng'ombe wake. Moyo ulimuuma kuliko goti.

Jirani yao Chepkirui alifundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Alikuja, akalikunja lile goti polepole.

"Kimeli, mbona mama anakaa tu hivi?"

"Si ni mgonjwa? Akitembea, si goti litaisha?"

"Kukaa ndio kunamaliza. Ndani ya misuli kuna protini ndogo sana, zinaitwa sirtuini. Misuli ikifanya kazi, zinaamka. Zinasaidia misuli kutumia chakula vizuri, na zinatuliza uvimbe mwilini. Ukikaa tu, zinazubaa."

"Basi nitafute dawa ya kuziamsha huko Nakuru."

"Watafiti bado wanazichunguza. Kwa sasa dawa ni mama kutembea. Lakini goti likiwa moto na jekundu, msilazimishe. Mlete hospitali."

Chepkosgei akacheka. "Umesikia, Kimeli? Rudisha kigoda changu."

"Kwanza mazoezi, mama," Chepkirui akasema. "Inuka kwa kiti bila kushikwa, halafu tembea mpaka geti. Kidogo kidogo, kila siku. Na usisahau maharagwe na maziwa."

Siku za kwanza Chepkosgei aliumia, akamlaani Chepkirui kimoyomoyo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikitaka kigoda chake. Wiki zikapita. Goti likapungua uvimbe na mapaja yakapata nguvu.

Asubuhi moja alikaa tena kando ya ng'ombe wake. Maziwa yakatoka bila ubishi. Alipomaliza, Kimeli akakimbia kumnyooshea mkono amwinue.

Chepkosgei aliuweka mpini wa ndoo katika mkono ule. Kisha akainuka mwenyewe.