Maliro Ashika Brashi

Kila asubuhi, katika mtaa mmoja wa Vulamba, mjini Butembo, Élise hukaanga mandazi. Binti yake Eliane huyapanga kwenye beseni kabla ya kwenda shule. Zamani, saa hizo mume wa Élise, Maliro, alikuwa tayari njiani. Alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa Kasindi, mpakani na Uganda, akarudi na mchele na sabuni. Watoto wa mtaa waliijua honi yake.

Lakini sasa Maliro hakuwa akiendesha tena. Alishinda kitandani, macho yake kwenye ukuta.

Watu wenye silaha walikuwa wamemshambulia yeye na mwenzake njiani, upande wa Beni. Lori lilishika moto. Maliro aliruka, akakimbilia porini. Mwenzake wa safari, Edmond, hakutoka. Walikuwa wamesafiri pamoja miaka mingi, wakila bugali katika sahani moja.

Tangu siku ile, usingizi ulimkimbia Maliro. Mvua ikipiga bati, alijificha chini ya meza. Alianza kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Na hakupita tena njia ya kwa Mama Kanyere, mama yake Edmond. Alimwogopa mama huyo kuliko alivyoogopa bunduki.

Siku moja Eliane aliangusha beseni. Maliro aliruka, akamkaripia mtoto kwa sauti kubwa. Ndipo akayaona macho ya binti yake. Eliane alikuwa anamwogopa baba yake.

"Familia inasema umerogwa," Élise alimwambia. "Wengine wanasema ujikaze kama mwanaume. Mimi sijue tena nifanye nini. Nimeita Mama Bénite."

Bénite alikuwa jirani yao. Kazi yake kwenye kituo cha afya ilikuwa kuwasikiliza watu waliopatwa na mambo mazito. Alikuja, akaketi, akapokea chai.

"Papa Eliane, hii haiko uchawi," alisema. "Haiko wazimu pia. Mwili wako uliona kifo. Basi mpaka leo uko unalinda mulango. Kitu kikianguka, mwili unafikiri ni bunduki."

"Na dawa yake?" Maliro aliuliza.

"Kwanza, pombe hapana. Inalaza mutu kidogo tu, kisha inamuamsha na woga zaidi. Pili, usibaki peke yako. Siku ya Alhamisi tunakutana batu bakubwa kwa salle, ile ukumbi ya kanisa. Tunachora."

"Munachora?"

"Eh. Kuna mambo kinywa kinakataa kusema. Mukono unaweza kuyasema."

Maliro alitikisa kichwa. "Kuchora, dessin, ni ya batoto, Mama Bénite. Mimi ni chauffeur."

Bénite hakubishana. Alimaliza chai yake, akaaga.

Jioni, Eliane alikuwa anafanya devoir, kazi aliyopewa shuleni. Mwalimu alitaka kila mtoto achore kitu cha kusafiria. Eliane alichora lori. Maliro alitupa jicho. Lori lilikuwa na kichwa kama kipande cha sabuni, na magurudumu yote yalikuwa mbele.

"Hiyo itaanguka kwa kona ya kwanza," alisema.

Eliane alimtazama, kisha akamsogezea penseli. "Basi unionyeshe, papa."

Maliro alichora gurudumu moja. Akachora la pili. Akachora vioo, turubai, kamba, na matope yaliyokauka kwenye mlango. Mkono wake, uliokuwa ukitetemeka hata ukishika kikombe, ulitulia. Aliinama karibu na karatasi kama mtu anayesikiliza siri.

"Papa," Eliane alisema polepole. "Mvua inanyesha, na hauko chini ya meza."

Maliro aliinua uso. Kweli, mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Kitu kama kicheko kilimpanda kifuani.

"Nipe karatasi ingine," alisema.

Alhamisi ilipofika, Maliro alikuwa wa kwanza kwenye salle. Mama mmoja mzee kutoka Mabalako alichora shamba lake la mihogo. Mama mwingine alipaka karatasi yake nyeusi yote, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Hapa hatutoi points kama shule," Bénite alieleza. "Chora kile unasikia ndani. Ukitaka kueleza, eleza. Ukikataa, hakuna mutu atakulazimisha."

Maliro alichora moto. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikapasuka. Jasho lilimtoka. Alitaka kuikunja na kuitupa, lakini Bénite alikuja kukaa kando yake.

"Pumua polepole. Sikia miguu yako chini. Uko wapi sasa?"

"Niko Butembo."

"Na moto uko wapi?"

Maliro alitazama. "Uko kwa karatasi."

"Eh. Sasa uko inje yako. Unaweza kuufunika na kwenda kula."

Maliro alilia. Kisha, kwa mara ya kwanza, akalitaja jina la Edmond mbele ya watu.

Hakupona siku moja. Kuna juma alilala vizuri, na juma lingine ndoto zilirudi. Lakini kasiksi aliiacha. Bénite aliwaambia wote: "Kama mutu anafikiri kujiua, ama anakataa kula, asingoje Alhamisi. Aje kituo cha afya siku ile ile."

Kuta za nyumba zilianza kujaa michoro. Malori yakipanda vilima. Malori yakivuka madaraja. Basi siku moja dereva mwenzake Ézéchias akaja kumsalimu. Alisimama katikati ya chumba, akasahau hata kuketi.

"Grand, kaka yangu, ni nani alichora hivi?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Ézéchias alisogea karibu na ukuta. "Camion yangu, lori ile, nyuma haina kitu. Unichoree. Rangi nitaleta mimi."

Usiku ule Maliro alikosa usingizi tena, lakini sasa kwa furaha. Kulipokucha tu, alikuwa kwenye parking ya malori, brashi mkononi. Eliane, ambaye hakuwa na shule siku hiyo, alimshikia kopo la rangi na kuchekacheka.

Alianza na vilima vya Butembo. Akashuka mpaka tambarare na mto Semliki. Akapandisha theluji ya Ruwenzori. Madereva walikusanyika. Kila mmoja alikuwa na neno.

"Ongeza ukungu pale."

"Hapana, ukungu iko asubuhi tu. Hiyo ni saa sita."

Kisha Maliro akachora lori dogo barabarani. Juu ya magunia akamweka mtu aliyeinua mkono na kucheka. Madereva wakasogea karibu. Wote walimjua Edmond.

"Camion isiondoke kwanza," Maliro alisema. Akaiweka brashi chini.

Alitembea peke yake mpaka njia ile aliyoikimbia. Mama Kanyere alikuwa uani, anachambua maharagwe.

"Mama," Maliro alisema, "nilikawia kuja. Niliogopa. Sasa kwa kikundi yetu ya kuchora nasema jina yake. Nimechora Edmond nyuma ya camion. Kama hautaki, nitaifuta."

Mama Kanyere aliacha maharagwe. Alifunga kitambaa chake kichwani, akatoka naye.

Kwenye parking watu walimpisha. Alisogea mpaka picha ikawa mbele ya macho yake.

"Haiko yeye kabisa," alisema.

Maliro alinyoosha mkono achukue kitambaa cha kufutia.

"Meno yake ya mbele ilikuwa na nafasi. Umesahau? Alikuwa anapiga muluzi kwa hapo."

Ézéchias alianza kucheka. Kisha wakacheka wote, na Mama Kanyere pia, huku machozi yakimtiririka. Maliro alichovya brashi kwenye rangi nyeusi, akampa.

"Weka wewe, Mama."

Mama aliinua mkono. Maliro aliushika kwenye kifundo, kidogo tu. Mama Kanyere akavuta mstari mdogo katikati ya meno meupe. Akarudi nyuma, akatazama.

"Sasa ni yeye," alisema.

Madereva wawili walikuwa tayari wanamvuta Maliro pembeni, kila mmoja akitaka lori lake lifuate. Ézéchias aliwasha injini. Lori lilishika njia ya Beni kwenda Kasindi, na Edmond akawa anawachekea wote waliobaki nyuma.

Mama Kanyere aliitazama rangi iliyobaki kwenye kidole chake. Hakuifuta.

"Ile kikundi yenu ya kuchora," alimuuliza Maliro, "munaanzaka saa ngapi?"